Mtoto yuko bweni la kimataifa? Ulizia fizikia leo

Kama una mtoto bweni katika shule ya kimataifa, anataka udaktari, na nia yako ni arudi kusoma Tanzania, acha ulichoshika umpigie simu umuulize kama anasoma fizikia. Akikujibu "nasoma kemia na biolojia", bado una kazi. Mengine niliyoandika hapa unaweza kuyasoma jioni.

Sisi tunaishi Lubumbashi kwa shughuli za biashara, kama wengi wenu. Binti yetu alisoma bweni nje ya Kongo. Shule siitaji, maana ilimfundisha vizuri na kilichotukuta si uovu wa mtu. Alimaliza IB (International Baccalaureate, miaka miwili ya mwisho ya sekondari) kwa pointi 34 kati ya 45, kemia na biolojia zote ngazi ya juu. Jirani yetu, papa mmoja mwalimu mstaafu, akatoa simu, akagawanya 34 kwa 45, akapaza sauti: "Asilimia sabini na tano! Félicitations, maman!" Hapa mtoto aliyemaliza sekondari huulizwa pourcentage kabla ya kuulizwa hali. Kutoka Tabora shangazi yake akatuma ujumbe: divisheni ngapi? Pointi za IB si asilimia wala si divisheni, lakini siku ile hatukubishana na mtu. Tulichinja kuku.

Ukuta tuliukuta kwenye maombi ya chuo. Udaktari wa binadamu Tanzania unataka principal pass tatu za kidato cha sita: fizikia, kemia na biolojia. Yaani ile PCB mnayoijua wote. Huna fizikia, huna sifa, na mfumo haukuulizi ulisoma shule ya ada gani wala kama mwalimu wako alitoka Scotland.

Tulikuwa tumeuliza mapema, mwaka wa kuchagua masomo. Mshauri wa vyuo wa shule akatujibu kwamba kemia na biolojia ngazi ya juu zinatosha kwa udaktari. Na ni kweli, ukiwa unaomba Uingereza: vyuo vingi kule hudai kemia, mara nyingi na biolojia, fizikia hawana haja nayo. Yeye alijibu kwa vyuo alivyovizoea, sisi tukasikia Muhimbili. Shule hizi humwandaa mtoto kwa dunia nzima, lakini chuo unachokitaka wewe kinaweza kuwa ndicho pekee ambacho hakimo kichwani mwa mshauri.

Sasa sikilizeni namna mtego unavyokaa. IB Diploma ni masomo sita, matatu ngazi ya juu na matatu ngazi ya kawaida. Sita hayo yanatoka makundi tofauti: lugha ya kwanza, lugha ya pili, masomo ya jamii, sayansi, hisabati, na la sita ni sanaa au somo jingine badala ya sanaa. Kwa hiyo kwa utaratibu wa kawaida mtoto anapata sayansi mbili tu: moja ya kundi lake, nyingine anaiweka mahali pa sanaa. Ya tatu haina kiti. PCB tunayoiona nyumbani kuwa tahasusi ya kawaida kabisa, kwenye IB haingii bila ruhusa maalumu.

Ruhusa hiyo ipo, na ndiyo kitu ambacho hatukuambiwa. Mratibu wa IB wa shule anaweza kuliandikia shirika la IB kuomba mpangilio usio wa kawaida, mtoto asome sayansi tatu, akiambatanisha ushahidi kwamba chuo cha nchi fulani kinadai hivyo. Inaombwa mapema, kabla miaka miwili ile haijakolea, si mtoto akiwa amebakiza miezi ya mtihani. Chukua mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ule unaotolewa kila mwaka, toa ukurasa wa kozi unayoitaka, mpelekee mratibu mkononi. Usimwambie kwa mdomo. Usimpigie simu tu. Mwandikie barua pepe, akujibu kwa barua pepe, uhifadhi.

Wenye watoto wa A-level za Cambridge msijione mmepona. Kule mtoto anachagua masomo matatu au manne kwa uhuru, na wengi wanaotaka udaktari huchukua hisabati, kemia na biolojia, kwa kuwa hesabu inawapendeza walimu na vyuo vya Ulaya. Fizikia tena imeachwa nje. Narudia kwa sababu najua mtu atasoma hapa, atatikisa kichwa, kisha asiulize: FIZIKIA.

Hata uhandisi una mtego wake, na mji huu wa shaba na kobalti umejaa wazazi wanaotaka mtoto awe mhandisi wa migodi. Hisabati ya IB tangu 2019 ni za aina mbili. Moja imelenga uchambuzi, nyingine imelenga matumizi. Ile ya matumizi watoto huikimbilia wakidhani ni nyepesi, halafu vyuo vingi vya uhandisi vinataka ya uchambuzi, tena ngazi ya juu. Jina la somo kwenye ripoti ni "hisabati" tu ukiliangalia harakaharaka. Soma mstari wote.

Kuhusu ndugu zetu nyumbani, tuwaeleze bila kuwagombeza sana. Baba mdogo mmoja aliona picha ya mtoto wa jamaa amevaa joho na kofia baada ya IGCSE, akaanza kuulizia hosteli za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baba, IGCSE ni kidato cha nne. Joho ni sherehe ya shule, kila mtu analipia lake. Bado kuna miaka miwili, ya A-level au ya IB, na ada ya miaka hiyo huwa ndiyo kubwa kuliko zote. Na wale wanaosema "amesoma intaneshono, chuo kitamfuata chenyewe", naomba waje wakae nami kwenye foleni moja tu.

Kilichomwokoa binti yetu ni IGCSE hiyohiyo tuliyokuwa tunaiona imepitwa. Alikuwa amesoma fizikia, kemia na biolojia kila moja peke yake, si ile sayansi ya mchanganyiko ambayo shule nyingi huwapa watoto ili wapumue. Zambia, kwa utaratibu alioingilia yeye, chuo kikuu kinapokea mtoto kwa alama tano za credit, yaani ufaulu mzuri, za O-level, na vyeti vya nje vinapitishwa kwa mamlaka yao ya sifa za kitaaluma, ZAQA. Tukaomba Copperbelt University, ambacho shule yake ya udaktari iko Ndola. Kutoka mpakani Kasumbalesa ni mwendo wa asubuhi moja, kama malori hayajafunga barabara. Zambia wameanza kubadili mtaala wa sekondari, kwa hiyo ulizeni upya, msinukuu maneno yangu dirishani.

Akaanza mwaka wa kwanza wa sayansi pamoja na watoto waliotoka darasa la 12. Miaka miwili ya IB haikumpunguzia hata muhula mmoja. Lakini hapa lazima niwe mkweli, maana mwenzangu hunilaumu kwamba nikianza kulalamika sijui kusimama: bweni lilimwandaa. Insha ndefu ya IB ni hadi maneno 4,000 juu ya swali ulilojichagulia, na ukinakili kazi ya mtu unafutiwa diploma. Kwa hiyo ripoti ya maabara inayowatoa wenzake jasho usiku kucha, yeye anaiandika mchana na kulala. Anajua kupanga wiki yake bila kengele. Anajua kuishi na mtu asiyempenda chumba kimoja, na kufua.

Asichokuwa nacho ni sauti. Alizoea darasa la watu kumi na tano, mwalimu anamwita kwa jina. Akiwekwa kwenye ukumbi wa mamia, mhadhiri hajui kama yupo, anangoja aulizwe, na haulizwi. Hapo ndipo ninapowaonea wivu wenyeji wetu wa Lubumbashi. Tunawasema sana, kwamba wanapenda Kifaransa na vyeo, kwamba mwanafunzi ananunua silabasi, yaani kitini cha profesa, na kuikariri. Yote yapo. Ila mtoto wa Kikongo amesimama mbele ya jopo la mtihani wa mdomo tangu mapema, anajua kujitetea, na akimaliza Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, mtaa mzima unajua: anamwagiwa poda nyeupe kichwani, anatembezwa, mama mtu anacheza barabarani. Wetu anapata matokeo kwenye simu, chumbani, mlango umefungwa. Nadhani jamii inayomshangilia mtoto hadharani inampa kitu ambacho ada haikinunui, na kama ningekuwa na mdogo wa kumsomesha ningemwacha hapa walau hadi amalize msingi.

Yaliyobaki ni ya kawaida. Cheti cha nje kinahitaji ulinganifu wa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, kabla ya maombi ya vyuo vya Tanzania; omba mara matokeo yakitoka. Matokeo ya IB ya mtihani wa Mei hutoka mwanzoni mwa Julai, ya Cambridge ya Juni katikati ya Agosti, kwa hiyo mtu wa A-level ana hatari ya kukuta dirisha la kwanza la TCU linafungwa usoni pake. Cheti chenyewe cha IB hufika shuleni baadaye, tumia hati ya matokeo. Akitaka kusoma hapahapa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kuna équivalence, yaani ulinganifu wa cheti, ya wizara ya Kinshasa, na masomo ni Kifaransa, mtoto wa bweni la Kiingereza mpeni mwaka wa kujinoa. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 na watu wakasema vyeti sasa vitavuka mpaka bila shida. Vyangu nilivibeba kwenye bahasha.

Mtoto chini ya miaka 18 akivuka bila wazazi wote wawili, mpe idhini ya wazazi iliyogongwa muhuri, watu wa DGM, uhamiaji wa Kongo, wataiuliza. Na ada mnayoilipa kwa dola kutoka hapa, kagueni kila noti kabla ya kutoka kwa mbadilisha fedha: yenye mchaniko mdogo kama ukucha itakataliwa mji mzima, hata kama yeye aliyekupa aliapa ni nzima.