Kamal: ubao, uzi na fundo

Kamal ni kipimo cha baharia cha kujua nyota iko juu kiasi gani kutoka upeo wa bahari. Ubao wangu niliukata kwenye sanduku la tende: sentimita 10 kwenda juu, 5 kwa upana. Toboa tundu katikati, pitisha uzi wa kuvulia, piga fundo upande wa pili usichomoke. Basi, kamal imekwisha. Mabaharia wa Kiarabu walivuka Bahari ya Hindi na kitu hikihiki.

Nenda ufukweni Maskati magharibi ikiingia, nyota zimetoka na upeo wa bahari bado unaonekana. Mimi mara ya kwanza nilichelewa, nikapima giza. Ng'ata uzi, unyooshe, fumba jicho moja. Ukingo wa chini uguse upeo, wa juu uguse nyota ya jaa, ile ya kaskazini. Pale ulipong'ata, piga fundo. Langu liko kama sentimita 24 kutoka ubaoni. La Salala, kusini zaidi, lingefika kama 33, maana huko jaa iko chini. Nahodha alisafiri mpaka fundo la bandari yake lipatane na nyota, kisha akashika mashariki au magharibi hadi afike.

Mombasa usijisumbue: kusini ya ikweta jaa imezama, na manahodha walipima nyota nyingine.