Jinsi ya kuifanya roboti imsikilize mtu huku yenyewe inaongea

Roboti nyingi zikishaanza kuongea huacha kusikia. Zinamwaga maelezo mpaka mwisho, msikilizaji aelewe asielewe. Ili zisikilize, mimi huzijenga hivi; mfano wangu ni roboti inayomwelekeza mgeni njia ndani ya jengo.

Hatua ya 1: Katakata maelezo. Usiipe roboti aya nzima. Ipe vipande, kila kimoja na jambo lake: "Ukitoka kwenye lifti," kisha "pinda kushoto," kisha "mlango wa tatu." Acha mwanya mdogo baada ya kila kipande, maana hapo ndipo watu huitikia.

Hatua ya 2: Maikrofoni ibaki wazi. Washa programu ya kuondoa mwangwi, la sivyo roboti itasikia sauti yake na kudhani imekatizwa.

Hatua ya 3: Tenganisha kuitikia na kukatiza. Kazi kubwa iko hapa. "Mm" au "ehe" fupi maana yake ni endelea. Mwanaisimu Victor Yngve aliieleza miitikio hii mwaka 1970, kwamba msikilizaji huitoa bila kuchukua zamu ya kusema. Roboti ikinyamaza kwa kila "mm", mazungumzo yanakufa. Ila "ehe?" ya sauti inayopanda ni swali, na "ngoja" ni amri. Kwa hiyo pamoja na neno, pima urefu wake na kupanda au kushuka kwa sauti.

Hatua ya 4: Ongeza kamera. Akiitikia kwa kichwa, hesabu kama "ehe". Macho yanahitaji uangalifu zaidi. Mtu akigeukia kushoto mara tu aliposikia "pinda kushoto", hajachoka kusikiliza, anaifuata njia. Linganisha anakotazama na kinachotajwa kabla hujaamua kwamba amepotea.

Hatua ya 5: Panga maamuzi. Ameitikia, songa mbele. Amekaa kimya bila dalili yoyote, eleza kwa maneno mengine: "ule mlango wa kioo." Kurudia sentensi ileile kwa sauti kubwa hakumsaidii. Ameanza kusema, roboti inyamaze papo hapo na ikumbuke ilipofikia.

Hatua ya 6: Wahi. Mtafiti wa mazungumzo Tanya Stivers na wenzake walipima lugha 10 mwaka 2009 wakakuta pengo kati ya swali na jibu ni wastani wa milisekunde 200 hivi, yaani sehemu ya tano ya sekunde. Ukisubiri sekunde nzima ya ukimya, umeshachelewa. Andaa sentensi ya kuendelea na ya kufafanua wakati kipande cha sasa bado kinasemwa.

Ukijaribu, tafuta mtu ambaye hajawahi kuingia kwenye jengo hilo. Anayeijua njia huitikia hata asiposikiliza.