Matone ya polio: hakikisha mtoto kayapata kweli

Swali linarudi kila siku kliniki, mtoto atachomwa sindano ya polio sasa matone ya nini tena? Iko hivi, kirusi cha polio kinaingia kwa mdomo na kuzaliana utumboni, kikipenya hadi kwenye neva ndo mtoto anapooza. Sindano inaweka kinga kwenye damu, kupooza hapoozi, ila utumboni kinga inakuwa ndogo kwa hiyo anaweza kukibeba na kukitoa chooni hata homa hana. Israel 2013 walikikuta kwenye maji taka, watoto wao walikuwa wanapewa sindano tu, hakuna aliyepooza lakini ilibidi warudishe matone.

Matone yana kirusi hai kilichodhoofishwa, kinapita njia ileile ya polio yenyewe, basi utumbo unajifunza kutengeneza kingamwili za IgA, yaani askari wa mwili wanaolinda kwenye ute, palepale kwenye ute wake na seli za kumbukumbu zinabaki. Kumbukumbu hiyo inafifia mapema kuliko ya damu, na dozi moja haishiki kwa kila mtoto, ndo maana kwa ratiba ya Tanzania mtoto anapewa matone akizaliwa, wiki ya 6, 10 na 14, na hiyo ya 14 na sindano juu. Sindano ikija baada ya matone inauamsha utumbo upya, kwa hiyo usichague moja.

Siku yenyewe mnyonyeshe kama kawaida, hayo ya kumshindisha njaa achana nayo. Mwombe nesi muangalie kile kibandiko cha duara kwenye chupa: kiboksi cha ndani kikiwa cheupe kuliko duara poa, kikilingana rangi au kuwa cheusi zaidi hiyo chanjo imepigwa joto, ikataliwe. Ni matone mawili tu mdomoni. Akiyatema au akitapika hapohapo sema, atarudishiwa, usione aibu. Anaharisha? Apewe tu, ila mkumbushe nesi maana dozi hiyo huwa haihesabiwi, anaongezewa nyingine baadaye.

Nyumbani nawa kwa sabuni ukishambadilisha nepi, kirusi cha chanjo kinatoka na choo kwa wiki kadhaa.

Na wachanjaji wakipita nyumba kwa nyumba kama 2022 baada ya polio kuonekana Malawi, mtoe apewe hata kama kadi imejaa, halafu awekwe wino kidoleni.