Gari la umeme la kifahari au haibridi? Piga hesabu hivi kabla ya kulipa amana

Mimi ni mhasibu, na vitabu vya magari ya kampuni yetu hapa Industrial Area, Nairobi, vinapitia mikononi mwangu: mafuta, bima, sevisi, matairi. Basi ndugu akitaka gari, simu inaniita mimi. Wa karibuni ni shemeji yangu wa Kileleshwa. Ameona Audi e-tron Ngong Road, akaambiwa gari hili halijui petroli, na upande wa pili anaangalia Harrier ya haibridi, yaani inayotumia petroli na betri pamoja. Nilimwandalia hesabu hii, nikaona ni vyema na wewe uipate.

Anza na bei ya uniti yako mwenyewe. Fungua ule ujumbe wa tokeni kwenye simu, chukua jumla ya pesa ulizolipa, ugawanye kwa uniti ulizopewa. Usitumie bei ya msingi inayotangazwa, kwa sababu tozo na kodi zinapanda juu yake. Kisha kumbuka kwamba anayetumia zaidi ya uniti 100 kwa mwezi anaingia kundi la juu la bei za nyumbani, na gari kubwa la umeme litakuingiza huko hata kama leo unaishi na taa, friji na televisheni tu. Kwa mfano wetu nimeweka shilingi 28 kwa uniti.

Gari kama e-tron hula uniti 25 hivi kwa kilomita 100. Hiyo ni ya dashibodi. Kwenye mita zitasomeka kama 28, kwa kuwa stima nyingine hupotea kama joto wakati wa kuchaji, na wewe unalipia mita. 28 mara 28 ni shilingi 784 kwa kilomita 100.

Haibridi nayo, kwenye foleni ya Mombasa Road na Waiyaki Way, tuipe kilomita 15 kwa lita. Haibridi hupenda foleni, maana kila ukishika breki inarudisha chaji kidogo kwenye betri. Petroli tuseme ni shilingi 180. Bei kamili ya mwezi utaipata kwenye tangazo la EPRA, mamlaka ya nishati, kila tarehe 14. Kilomita 100 zitakugharimu 1,200. Tofauti ni shilingi 416. Ukiendesha kilomita 15,000 kwa mwaka, umeokoa 62,400.

Hapa ndipo muuzaji huishia. Wewe endelea.

Tuseme haibridi ni milioni 4.5 na la umeme ni milioni 7. Bima ya komprehensivu hukatwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Kwa asilimia 4, hiyo milioni 2.5 ya ziada inakuongezea 100,000 kwa mwaka wa kwanza. Akiba yote ya mafuta imeenda, na bado unadaiwa 37,600. Oktoba 2023 petroli ya Nairobi ilifika shilingi 217.36, na watu wengi ndipo walipoanza kutamani magari ya umeme. Nimerudia hesabu kwa bei hiyo: akiba inakuwa 99,760. Yaani hata petroli ilipokuwa ghali namna ile, ungelipa bima ya ziada na kubaki mikono mitupu.

Kama hiyo milioni 2.5 ni mkopo wa benki, kwa riba ya asilimia 14 ni 350,000 mwaka wa kwanza peke yake. Sevisi ya gari la umeme ni nafuu kweli, hakuna oili ya injini wala plagi za kubadilisha, lakini e-tron ina uzito unaokaribia tani mbili na nusu na inavaa matairi makubwa. Uliza bei ya tairi moja, kisha uwaze mashimo ya barabara zetu baada ya mvua ya Aprili.

Kwa hiyo namwambia kila anayeniuliza: kwa mtu wa Kileleshwa hadi Upper Hill na kurudi, haibridi inashinda, tena kwa mbali. Sisemi haya kwa kuchukia magari ya umeme. Stima yetu nyingi inatoka kwenye mvuke wa Olkaria, maji na upepo, na ningefurahi kuona petroli ikipungua mjini. Lakini mtu asikope akidhani anaweka akiba.

La umeme hulipa kwa nani? Kwa anayeendesha sana, kilomita 40,000 na zaidi kwa mwaka, anachaji nyumbani, na uniti yake ni ya bei ya chini. Tangu 2023 kuna bei maalumu ya kuchaji magari; ilipoanza, msingi wake ulikuwa shilingi 16 kwa uniti na 8 saa za usiku, kabla ya tozo. Lazima uwe na mita ya pekee kwa ajili ya gari. Mwenye sola paani naye yumo. Na kama ungenunua gari la petroli la milioni 7 hata hivyo, hesabu inageuka: bima ni ileile, na kila kilomita inakurudishia kitu.

Ukiwa umeamua la umeme, kagua mambo haya kabla ya amana. Tazama tundu la kuchajia: magari mengi ya Japani huja na tundu la aina ya CHAdeMO, mengi ya Uingereza na CCS2, kwa hiyo lipige picha ukaulize kwenye kituo utakachotegemea. Kama unaishi fleti, pata ruhusa ya menejimenti kwa maandishi. Soketi ya kawaida ya ukutani itakuchukua zaidi ya saa 30 kujaza betri kama ya e-tron.

Betri ndiyo mali yenyewe. Dhamana ya watengenezaji wengi ni miaka 8 au kilomita 160,000, na sisi tunaruhusiwa kuagiza magari ya hadi miaka 8, kwa hiyo unaweza kununua gari ambalo dhamana yake inaelekea ukingoni. Uliza kama dhamana hiyo inatambuliwa Kenya, upewe jibu kwa maandishi. Kisha nenda na fundi mwenye mashine ya kusoma afya ya betri. Muuzaji akikataa mashine isichomekwe, tafuta gari lingine.