Maji yasigande usiku wa kupanda Uhuru

Wanaoondoka kambi ya Barafu (mita 4,673) karibu na saa sita usiku kwenda Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, huwa wamejaza maji ya kutosha, lakini mara nyingi kabla ya kufika Stella Point, kwenye ukingo wa kreta, yameshaganda na hayanyweki. Kinachoganda kwanza ni mrija wa ule mfuko wa maji wa mgongoni, kwa sababu ni mwembamba na uko nje kwenye upepo. Ukiutumia, kila ukimaliza kunywa puliza hewa ndani ili maji yarudi mfukoni, kisha upitishe mrija chini ya koti. Hata hivyo usiutegemee peke yake.

Beba chupa mbili ngumu za lita moja, zenye mdomo mpana. Omba maji ya moto jikoni kabla ya kuondoka, funga kifuniko barabara, ivalishe kila chupa soksi nene ya sufu, kisha iweke begini kichwa chini. Barafu huanza kujitunga juu ya maji. Chupa ikisimama wima, mdomo ndio unaoziba. Moja ikiweza kukaa ndani ya koti, bora zaidi.

Kunywa mafunda machache kila mnapopumzika, hata kama huna kiu. Betri za taa na simu ziwe mfuko wa ndani, karibu na mwili, maana baridi huzimaliza upesi.

Jambo moja maji hayatibu, nalo ni ugonjwa wa mwinuko: mtu akianza kuyumba kama mlevi au kuongea ovyo, ateremshwe papo hapo, usiku huohuo, na asiteremke peke yake.