Jinsi ya kuyasoma majengo ya Ulaya kwa jicho la fundi mwashi: mwongozo kwa msafiri wa Nyanda za Juu Kusini

Anayetoka Iringa, Mbeya au Njombe kwenda Ulaya kwa hija ya parokia, masomo au semina hurudi na picha nyingi za makanisa, na baada ya mwezi hajui ipi ilikuwa ya mji gani. Alitazama sura ya jengo, hakuuliza limesimamaje. Na hasara hiyo ni kubwa zaidi kwa mtu aliyekulia kwenye nchi ya matofali ya kuchoma, kwa sababu tayari anajua mengi ambayo mtalii wa kawaida hayajui: tofali lililoiva na lile lililobaki bichi katikati ya tanuri, ukuta uliotoka kwenye timazi, ufa wa plasta na ufa wa msingi. Maarifa hayo hayo yanatosha kusoma Roma, Lübeck au Amsterdam.

Anza nyumbani

Wiki mbili kabla ya safari chukua tepu, penseli na daftari, nenda Boma la Iringa, jengo la enzi za Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho. Siku nyingine panda Tosamaganga, kwenye kanisa la wamisionari wa Consolata kutoka Italia. Walio upande wa Mbeya watapata mazoezi Tukuyu, mji ambao Wajerumani waliuita Neu Langenburg.

Usianze na picha. Pima kwanza unene wa ukuta pale kwenye dirisha, kisha tazama juu ya mlango uone uwazi umebebwa na nini: tao, mbao, au linta ya zege. Tao halihitaji nondo, kwa kuwa uzito wa juu unayabana matofali yashikane. Lakini linasukuma pembeni, kulia na kushoto, na lazima kuwe na kitu kizito cha kulizuia. Ukilielewa hilo, nusu ya majengo ya Ulaya umeshayaelewa.

Zoezi la pili ni kuhesabu kozi, yaani mistari ya matofali iliyolala mmoja juu ya mwingine. Kwetu kimo cha tofali hutegemea kalibu ya aliyefyatua, hivyo pima kozi 10 pamoja na maungio yake ya mota, ugawe kwa 10. Ulaya vipimo vya sasa ni vya kudumu. Tofali la Uingereza lina milimita 215 kwa 102.5 kwa 65, na ungio la milimita 10, kwa hiyo kozi 4 ni sentimita 30 na kozi 40 ni mita 3. Tofali la kawaida la Ujerumani lina milimita 240 kwa 115 kwa 71, na kozi 12 zinafanya mita 1. Ukisimama barabarani ukahesabu kozi hadi kizingiti cha dirisha, umepata kimo bila kugusa ukuta.

Matofali ya zama za kati kaskazini mwa Ujerumani na Poland ni makubwa zaidi: urefu karibu sentimita 28, kimo sentimita 8 hadi 9. Ukiona ukuta wenye matofali manene chini na membamba juu, pale yanapobadilika ndipo ukarabati ulipoanzia.

Angalia pia ulazaji. Ukuta mnene wa zamani unaonyesha mbavu (pande ndefu) na vichwa (ncha fupi) vya matofali, ili vichwa vifunge upande wa nje na wa ndani. Katika mpango mmoja kozi nzima ni mbavu, inayofuata ni vichwa. Katika mwingine, ambao utauona sana kwenye nyumba za London za karne ya 18, ubavu na kichwa hupokezana ndani ya kozi moja. Ukuta wenye mbavu tupu mara nyingi ni wa karne ya 20: ngozi moja ya tofali, uwazi katikati, na ukuta mwingine ndani.

Karatasi, kwa kifupi

Viza ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ikiwa ya muda mfupi inaruhusu hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Ada kwa mtu mzima ni euro 90, bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000, na pasipoti ibaki hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari. Usingoje hizo siku 15. Peleka ombi kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, kwa nchi utakayoingia kwanza. London haimo: Uingereza ina viza yake, na Ireland yake. Alama za vidole hutolewa Dar es Salaam, kwa hiyo nauli ya basi na malazi ya huko yawe ndani ya bajeti tangu mwanzo.

Fuata mzigo

Mbele ya kila jengo uliza swali moja kabla ya mengine yote: uzito wa paa unafikaje ardhini? Majina ya mitindo yatakuja yenyewe.

Roma, kwenye Pantheon, hekalu la Warumi wa kale, jibu ni unene. Kuba lake lina upana wa mita 43.3, na kimo kutoka sakafuni hadi kwenye tundu la juu ni hicho hicho. Ni zege lisilo na nondo hata moja, la karibu mwaka 125. Chini limechanganywa na mawe mazito na lina unene wa mita 6 hivi; kadiri linavyopanda hupungua hadi mita 1 na kidogo, na juu kabisa kokoto zake ni mawe mepesi ya volkano, ya aina wanayoijua watu wa Rungwe. Watu wengi huingia, hutazama tundu, hutoka. Zunguka nje hadi ubavuni na nyuma: utaona matao makubwa ya tofali yaliyozikwa ndani ya ukuta, yakipeleka mzigo kwenye sehemu nene. Ndani, tafuta vishimo vya sakafuni vinavyokunywa maji ya mvua inayoingia juu. Kuna kiingilio; mwaka 2023 kilikuwa euro 5.

Makanisa ya karne ya 11 na 12 yana matao ya mviringo, kuta nene na madirisha madogo. Anayetoboa dirisha kubwa anadhoofisha kizuizi cha tao. Kisha likaja tao lililochongoka. Hilo husukuma zaidi kwenda chini kuliko pembeni, na msukumo unaobaki hupokelewa na mikono ya mawe iliyotolewa nje ya jengo hadi kwenye nguzo nzito. Ukuta ukabaki hauna kazi kubwa, ukageuzwa kioo. Ndiyo maana Notre-Dame ya Paris, iliyoanza 1163, au kanisa kuu la Köln, Ujerumani, yasomwe kwanza kutoka nje upande wa nyuma, mikono hiyo ilipo wazi.

Namna hiyo nayo ina mpaka. Beauvais, kaskazini mwa Paris, walipandisha dari la mawe hadi mita 48. Sehemu yake ikaanguka 1284. Wakaongeza nguzo kati ya zile za kwanza, na ukiingia utaona wazi jinsi zilivyosogeana. Mnara waliojenga baadaye ukaanguka 1573. Ukumbi mrefu wa waumini haukuwahi kujengwa mpaka leo. Kwa fundi, Beauvais ina faida kuliko makanisa kumi yaliyokamilika.

Kwa mtu wa matofali, mji wa lazima Italia ni Firenze. Msanifu Filippo Brunelleschi alilijenga kuba la kanisa kuu kati ya 1420 na 1436, upana karibu mita 45, matofali zaidi ya milioni 4, bila kusimamisha jukwaa la mbao kutoka sakafuni la kulibeba. Tofali likilazwa kwenye mteremko mkali huteleza kabla mota haijashika. Dawa yake: kila baada ya matofali machache yaliyolala, moja lilisimamishwa likapanda hadi kozi ya juu, hivyo yaliyolala yakabanwa kati ya mawili yaliyosimama. Kuba lina maganda mawili, na ngazi 463 hupita katikati yake, mahali ambapo mpango huo unaonekana kwa karibu. Hakuna lifti, na tiketi ni ya saa maalumu, ikatwe mapema mtandaoni. Mwenye shinikizo la damu au anayeogopa sehemu finyu abaki chini. Katikati ya ngazi hakuna pa kugeuzia.

Ukipata muda wa mji mmoja tu wa ziada, chagua Lübeck, kaskazini mwa Ujerumani, badala ya miji yenye jina. Uwanda ule hauna mawe ya kujengea, na wafanyabiashara wake walitaka makanisa kama ya Ufaransa, basi wakayajenga kwa tofali. Kanisa la Marienkirche lina dari la matao ya tofali lenye kimo cha mita 38.5, refu kuliko yote ya aina yake duniani. Lango la Holstentor, la 1464 hadi 1478, limezama kwenye udongo laini hadi minara yake miwili imeinama kuelekeana. Simama mbele yake, ning'iniza funguo kwenye uzi, ulinganishe. Ndani ya Marienkirche kengele zilizoanguka katika moto wa mabomu ya 1942 bado zimelala sakafuni zilipovunjikia.

Amsterdam fundisho lake liko chini ya ardhi. Nyumba zimekaa juu ya nguzo za mbao zilizopigiliwa kwenye tope. Jumba la kifalme la uwanja wa Dam pekee lina 13,659. Mbao iliyozama kabisa haiozi, ila maji yakishuka na hewa ikaifikia, inaoza. Hapa wageni hukosea: nyumba iliyoinama mbele kuelekea mtaani mara nyingi ilijengwa hivyo makusudi, ili mzigo unaovutwa kwa kamba kutoka kwenye ndoano ya juu usigonge ukuta. Iliyoinama ubavuni, madirisha yake yakiwa yamepoteza pembe mraba, hiyo ndiyo yenye tatizo la msingi.

Paris na London zinasomeka kwa mtaa mzima. Barabara pana za Paris zenye majengo ya mawe ya rangi ya maziwa, paa za zinki na mistari ya roshani inayolingana ni kazi iliyosimamiwa na Haussmann, mkuu wa mkoa wa Paris, kati ya 1853 na 1870. London iligeukia tofali kwa amri ya sheria baada ya moto wa 1666; tazama kuta za kati zinavyopita juu ya paa ili moto usihamie kwa jirani. Madirisha yaliyozibwa kwa tofali mengine yanatokana na kodi ya madirisha ya 1696 hadi 1851, lakini mengine yalijengwa yakiwa yamezibwa kwa ajili ya ulinganifu. Kama ungio la pembeni halionyeshi mkato, halikuwahi kuwa dirisha.

Usidanganywe na mwaka

Kibao kikisema 1248, uliza ni mwaka wa kuanza, wa kumaliza, au wa kujenga upya. Kanisa kuu la Köln lilianza 1248, likasimama karne nyingi, likakamilika 1880. Minara yake ya mita 157 ni kazi ya karne ya 19. Mji mkongwe wa Warszawa, Poland, ulibomolewa katika Vita Kuu ya Pili, ukajengwa upya. Kuuita wa bandia ni kuwaonea waliouinua, ila usiseme umegusa ukuta wa karne ya 14 kabla hujatazama matofali.

Kasoro nyingine ya kutafuta: matofali yaliyobambuka uso huku maungio yakibaki yamechomoza. Tofali la zamani ni laini, na mota yake ya chokaa ilipitisha unyevu. Akija mtu akaziba maungio kwa saruji kali, maji hukosa njia isipokuwa kupitia tofali lenyewe, na baridi ikiyagandisha, uso unang'oka. Ukishaliona mara moja utaliona kila mji, na pia kwenye majengo ya misheni huku kwetu, ingawa kwetu kinachosukuma ni chumvi na mvua zaidi kuliko barafu.

Siku yenyewe

Majengo makubwa mawili kwa siku yanatosha. Zunguka nje dakika 30, ndipo uingie. Makanisa mengi ya kale yana altare mashariki: vioo vya nyuma ya altare ni vya asubuhi, na uso wa mbele hupigwa na jua mchana ukielekea jioni. Wakati wa misa hakuna kutembea wala kupiga picha. Italia mabega na magoti yafunikwe, hivyo kitenge kimoja kwenye begi kinamaliza ugomvi mlangoni. Makumbusho mengi hufungwa Jumatatu. Louvre hufungwa Jumanne. Italia, tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa igongwe mhuri kwenye mashine kabla ya kupanda, la sivyo ni faini.

Desemba, Berlin jua huzama kabla ya saa 10 jioni. Juni kuna mwanga hadi baada ya saa 3 usiku. Aprili, Mei na Septemba ndiyo miezi ya busara. Mtu wa Makete hatashangaa baridi ya Oktoba, lakini Januari asijidanganye na sweta. Viatu viwe vya soli nene, kwani mitaa ya mawe huchosha nyayo kuliko kilima.

Picha zifuate mpangilio mmoja kila mahali: kibao cha jina la mtaa, jengo zima, kona moja kutoka msingi hadi paa, halafu ungio la karibu lenye kalamu pembeni kama kipimo, maana bila kipimo fundi wa nyumbani hatajua kama tofali ni la sentimita 6 au 9. Andika papo hapo unene wa ukuta na mahali pa ufa. Upande wa nyuma usiuruke: huko waashi hawakujisumbua kupendezesha, na viraka, mabomba ya mvua na ulazaji halisi wa matofali vyote viko wazi.