Useremala wa chumba kimoja: anza na sanduku la vifaa

Naishi Nyalenda, Kisumu, chumba kimoja cha kupanga. Karakana yangu ni benchi fupi na nafasi iliyo kati ya kitanda na mlango. Inatosha.

1. Vifaa. Nenda Kibuye Jumapili, soko linapofurika, utafute vya mtumba kwanza: msumeno wa mkono, nyundo, patasi ya inchi moja, futi ya kupimia na guni ya kuhakikisha pembe mraba. Randa isubiri. Patasi yenye kutu ya juu juu haina neno, lakini kama kutu imechimba mashimo kwenye upande bapa karibu na makali, irudishe mezani.

2. Noa. Wengi hukata tamaa hapa wakidhani hawana kipaji, kumbe patasi ni butu tu. Chukua kipande cha kioo kinene, ukilaze mezani, uweke juu yake msasa wa maji namba 220, halafu 400, mwisho 1000. Sugua upande bapa hadi ung'ae kwenye makali. Geuza, shikilia mteremko kwa nyuzi 25 hadi 30, usisugue kwa pupa. Pitisha kidole nyuma taratibu: ukihisi kijiukingo kinachokwaruza, umefika. Kiondoe kwa kulaza upande bapa mara mbili tatu. Sasa jaribu kwenye kichwa cha ubao wa saiprasi. Ukitoka utepe mwembamba na mbao ikabaki laini, vizuri. Ikimeguka kama makombo ya mkate, rudi kwenye msasa.

3. Mbao. Nunua saiprasi ya inchi 6 kwa 1, futi 8. Uinue ubao: ukiwa mzito na wa baridi mkononi, bado una maji. Kazi yangu ya kwanza niliuziwa ubao mbichi nikiambiwa umekauka, na baada ya wiki mbili sanduku lilipinda hadi likawa linayumba sakafuni. Tazama pia ubao kwa jicho moja kutoka kichwani kama umenyooka. Ukipata mbao za paleti, chukua zenye muhuri wa HT, zilizotibiwa kwa joto. Zenye MB zilifukizwa dawa ya sumu, usiziingize unakolala.

4. Kata. Vipande vitatu vya inchi 24 (kitako na ubavu mbili) na viwili vya inchi 9 vya mwisho. Chora kwa ncha ya kisu, si kwa penseli, na msumeno upite upande wa kipande kinachotupwa, kwa sababu meno nayo hula mbao. Bana ubao kwa goti juu ya benchi.

5. Unga. Simamisha vipande vya mwisho juu ya kitako, paka gundi nyeupe ya mbao, kisha pigilia ubavu kwa nje. Nyundo ikome kabla majirani hawajalala. Jiriwa ya kubania sina: nazungushia vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli, navikaza, naacha hadi kesho. Mpini ni mti wa fagio; pima nafasi yenyewe kati ya vipande vya mwisho kabla ya kuukata.

6. Malizia. Msasa wa 120 kufuata nyuzi za mbao, kisha mafuta ya linsidi kwa kitambaa. Kitambaa hicho kianike nje kikiwa kimetandazwa. Kikikunjwa ndani kinaweza kupata joto na kuwaka chenyewe, na kwetu kitanda kiko hatua mbili.